Uzoefu wangu: stata ya volti 12 yenye gia ya kupunguza mwendo kwenye trekta la zamani

Naipa nyota nne. Stata yenyewe, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ni nzuri. Nyota ya tano imeliwa na karatasi ya maelekezo, iliyoandika "volti 12" kwa herufi kubwa na kunyamaza kabisa kuhusu upande wa betri unaofungwa kwenye chasisi. Kwa gari la kisasa hilo si kitu. Kwa trekta la zamani la dizeli lenye athi ya chanya (nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi), kama hili ninalolitumia, ndilo jambo la kwanza kuangalia.

Stata za kale zina koili za shaba kwenye nyumba yake badala ya sumaku. Ukigeuza nyaya za betri, umeme unageuka kwenye koili na kwenye rota, sehemu inayozunguka, kwa pamoja, hivyo mota inazunguka upande uleule. Hizi mpya, nyepesi, nyingi zina sumaku za kudumu. Ukigeuza betri, mota nayo inageuka. Kinachokuchanganya ni kwamba solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inavuta kama kawaida, gia inaingia kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, mlio mwembamba wa mota unasikika, na injini imelala. Klachi ndogo ya gia inateleza tu, kama pedali za baiskeli ukizirudisha nyuma: miguu inazunguka, gurudumu halina habari. Wengi wakisikia hivyo hurudisha stata dukani wakidai ni mbovu, kumbe nzima.

Ukiikuta hali hiyo, ama utafute stata ya koili, ama ubadilishe trekta liwe na athi ya hasi. Mimi nashauri kubadilisha. Geuza betri na ubadilishe vibano vyake, maana nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi na kibano kilichozoea moja hakikai vizuri kwenye nyingine. Geuza nyaya za ampmita, kipimo cha umeme wa kuchaji, la sivyo itasoma kinyume. Kama ni trekta la petroli, geuza pia nyaya ndogo za koili ya moto, ile inayotoa cheche za plagi. Dinamo, mashine ya zamani ya kuchaji betri, yenye nguzo za D na F, chomoa nyaya zake zote mbili, kisha gusisha waya wa betri usiokwenda kwenye chasisi kwenye F kwa kufumba na kufumbua, mara mbili tatu, ili izoee athi mpya. Cheche ndogo ndiyo inayotakiwa. Kama kuna altaneta, mashine ya kuchaji ya kisasa zaidi, usijaribu chochote kabla ya kujua ni ya athi gani. Ikigusana na betri iliyogeuzwa, diodi zake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo.

Sasa volti zenyewe. Usiamini betri unayoiona kwa macho. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu na ikijaa inasoma takriban 6.3 kwenye mita. Ya 12 ina vyumba sita na inasoma takriban 12.6. Lakini matrekta mengine yana betri mbili za volti 6 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na mfumo wote ni wa volti 12. Fuata waya mpaka mwisho. Ford 8N, iliyotengenezwa 1947 hadi 1952, ilitoka kiwandani na volti 6 na athi ya chanya. John Deere 4020 za dizeli za mwanzo zinawashwa kwa volti 24 kutoka betri mbili za 12, na stata yake haikuunganishwa na chasisi kabisa. Stata ya kawaida inayopata athi kupitia mwili wake usiifunge pale bila kubadilisha mfumo mzima.

Je, stata ya volti 6 ifungwe kwenye betri ya 12? Inafanya kazi, na wapo wanaoitumia hivyo miaka. Tatizo ni gia kurushwa kwa nguvu kwenye flaiwili na kung'oa meno, na koili kuchemka ukishikilia swichi. Solenoidi ya volti 6 haivumilii kabisa, iweke ya 12. Kinyume chake, stata ya 12 kwenye betri ya 6, ni kupoteza muda: solenoidi inagonga tak-tak-tak na injini haitikisiki.

Kabla ya kununua hesabu meno ya gia, pima umbali wa matundu ya bolti, na angalia inazunguka upande gani ukiitazama stata kutoka upande wa gia. Yangu iliingia bila kulazimisha, ila kichwa cha solenoidi kilikaribiana na bomba la mafuta kwa kiasi cha unene wa kidole. Nilizungusha solenoidi kwenye mabano yake, ikakaa.

Nyaya ndizo zinazoua stata nzuri. Volti 6 inahitaji karibu ampea mara mbili kwa kazi ileile, kwa hiyo shaba ya milimita za mraba 70 si anasa. Kwa 12 ninatumia 50. Jihadhari na zile zenye ngozi nene na shaba kidogo ndani. Vuta kidude cha kuzima ili injini isiwake, mwambie mwenzako azungushe, nawe weka mita kati ya nguzo ya betri inayokwenda athi na mwili wa stata. Ikizidi volti 0.3, kuna kutu au rangi chini ya bolti ya athi. Kwangua mpaka chuma king'ae. Kwenye nguzo ya stata yenyewe isishuke chini ya volti 9.6 wakati wa kuzungusha.

Ya kwangu inazungusha injini kwa kasi kuliko ile ya zamani na haiichoshi betri asubuhi ya baridi. Usishikilie swichi zaidi ya sekunde 10. Iache ipoe dakika 2, kwa sababu mwili wake mdogo hauna nafasi ya kuhifadhi joto kama ule wa chuma kizito.