Uzoefu wangu: kuhariri picha ya machweo kwa Snapseed

Snapseed ni programu ya simu iliyobuniwa na Nik Software, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2012. Haina malipo wala matangazo, na huendelea kufanya kazi hata pasipo na mtandao, jambo ambalo aliyewahi kupiga picha katika Hifadhi ya Murchison Falls, Uganda, hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Nimeitumia kwa picha za aina nyingi, lakini hapa nazungumzia zile za maumbo meusi mbele ya anga la machweo tu.

Mfano wangu ni picha ya mivumo, miti mirefu ya jamii ya mnazi, iliyopigwa humo hifadhini kaskazini mwa Mto Nile, kamera ikielekea magharibi, ambako jua huzama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Albert. Mwanga ulipimwa kwa kufuata anga, si miti, na picha ikahifadhiwa kama faili ghafi la DNG, yaani lenye taarifa za kamera kabla hazijachakatwa. Kwa kuwa Uganda imekatwa na ikweta, jua hushuka karibu wima na rangi hupita upesi, hivyo mpiga picha hana nafasi ya kuhangaika na mipangilio. Kamera ikiachwa ijiamulie uwiano wa rangi, mara nyingi huuona uchungwa wa jioni kuwa dosari na kuupoza. Kwenye faili ghafi, uamuzi huo hutenguliwa bila hasara.

Hapo ndipo Snapseed iliponiridhisha zaidi. Ilifungua DNG moja kwa moja, nikasogeza joto la rangi mpaka vumbi la upeo wa macho likarudia wekundu wake, kisha nikapunguza maeneo yenye mwanga mkali ili mawingu yanayolizunguka jua yapate kingo. Kitovu chenyewe cha jua kilibaki cheupe, kwa maana mahali ambapo mwanga umefurika kabisa hapana taarifa ya kurejesha, na hilo si la kuilaumu programu yoyote.

Kuhusu giza, msimamo wangu ni mkali. Kitelezi cha kuinua vivuli kipo karibu mno na kidole, na wengi hukisukuma kwa mazoea. Matokeo yake ni majani yanayoonekana nusunusu, yaliyojaa chembechembe, na picha isiyo ya umbo jeusi wala ya miti. Mimi hutumia mchoro wa mkunjo wa mwanga (Curves) na kuishusha ncha yake ya chini kidogo tu, hadi shina liwe jeusi tii, huku kila jani la mvumo, lililofumbuka kama kipepeo cha ukindu, likisomeka waziwazi dhidi ya anga.

Sifa nyingine ninayoithamini ni uwezo wa kurudi kwenye hatua yoyote ya uhariri na kuipaka kwa kidole mahali unapotaka tu. Niliongeza ukolezi wa rangi angani bila kuyagusa maji yaliyomo pichani, ambayo yangegeuka kuwa kama soda ya chungwa. Hata hivyo, kidole ni kinene kuliko jani, na pembezoni mwa miti kazi hiyo hudai kuikuza picha sana na subira ya kutosha.

Udhaifu upo. Zana za kukazia umbile na ile ya HDR, ya kusawazisha mwanga na giza, huacha ukingo mweupe kuzunguka miti, kwa hiyo kwa picha za aina hii sizigusi kabisa. Aidha, JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, hubeba ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Ukilivuta sana anga laini, mistari hujitokeza mahali ambapo rangi zilipaswa kuyeyukiana. Kwa picha ya kuchapwa kubwa ya ukutani ningehamia kwenye kompyuta. Kwa ya kutazamwa kwenye simu, Snapseed inatosha, mradi unapoituma kwa WhatsApp uitume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na mistari ileile huongezeka.