Maua ya Namaqualand: gari libebe mzigo au ubebe mwenyewe?

Kila Agosti ikikaribia, wanaojiandaa kutembea kwa miguu siku kadhaa kuona maua ya porini ya Namaqualand, kule Afrika Kusini, ubishi wao ni uleule: gari liwapelekee mzigo kambi hadi kambi, au kila mtu abebe begi lake? Kwa pesa, kubeba begi mwenyewe kunashinda, hapo hamna mjadala. Ila maji ndo kasheshe, Namaqualand ni nusu jangwa, mito mingi mchanga mtupu, kwahiyo lita tano ni kilo tano mgongoni kabla hujaweka hata hema, wakati wenye gari wanakuta madumu kambini (likipata pancha, haya, mtasubiri). Uhuru je? Yale maua hufunguka jua likiwaka, kwenye saa nne hivi, siku ya mawingu yanajifunga, na mwenye begi anaweza kungoja kesho, wa gari ratiba inamvuta. Una goti bovu au unaenda na mzee, chukua gari. Mna miguu na mnajua maji yanapatikana wapi, bebeni.