Nanga za bega: ya titani au ya plastiki?

Kazi yangu ni kumkabidhi daktari vifaa kwenye chumba cha upasuaji, kwa hiyo hizi nanga za kufungia kano kwenye mfupa nimezishika nyingi. Ni kama skrubu ndogo, nyuzi zimeshapitishwa, imekaa kwenye bisibisi yake. Daktari anatoboa mfupa, anaikaza, anachomoa bisibisi. Kinachobaki nje ni nyuzi tu, na hizo ndizo zinazorudisha kano iliyochanika mahali pake.

Mimi naipenda ya titani ya milimita 5. Inaingia bila ubishi, na kwenye eksirei unaiona ilipo. Ubaya wake, ikichomoza kidogo tu inakwangua gegedu, na picha ya MRI inaiharibu.

Ya PEEK, ile plastiki ngumu, haichafui picha, ila haionekani kwenye eksirei. Nayo haitaki pupa. Juzi tulipata kijana mwenye mfupa mgumu kama mpingo, tundu halikuchongwa njia za skrubu sawasawa, nanga ikakatika katikati. Chumba kizima kimya. Tukafungua ya pili, na bei yake si ya mchezo. Kosa letu hilo, si la nanga.

Kwa wazee wenye mifupa laini, daktari avute uzi kwa nguvu kabla ya kupiga fundo. Kama ni kung'oka, bora ing'oke pale pale mezani.

Halafu jamani watengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti, mbona mnaiandikia sisimizi?