Nyumba ya sungura wa ndani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Sungura wangu wa kwanza alikuwa akiniamsha kila alfajiri, giza bado halijaisha, kwa kutafuna vyuma vya kizimba chake. Kra, kra, kra, ananyamaza kidogo, anaanza upya. Nilidhani ni njaa, nikawa namwongezea nyasi kavu. Kumbe alitaka kutoka. Sungura huchangamka alfajiri na magharibi, saa ambazo sisi tumelala au tumechoka, na kizimba nilichomnunulia kilikuwa na urefu wa sentimita 100 na upana wa 50. Ukiondoa trei ya choo na bakuli la maji, alibakiwa na nafasi ya kujigeuza tu. Na boksi lake lilikuwa limechorwa sungura!

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue kipi, namwambia kwanza aje na futi. Rabbit Welfare Association & Fund, shirika la Uingereza, linapendekeza mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, kwa sungura wawili. Eneo hilo liwe lao usiku na mchana, si la kufunguliwa kwa saa moja tu jioni kisha wakafungiwa. Sungura anatakiwa aweze kuruka mara tatu mfululizo, ajinyooshe akilala, na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu.

Namba 1: Uzio wa paneli za waya

Hizi ni paneli zinazoungana kwa pini, mara nyingi nane kwa seti, na huuzwa zaidi kwa ajili ya watoto wa mbwa. Usione haya kuchukua kitu cha mbwa. Paneli nane za sentimita 60 ukiziunga duara hukupa chini kidogo ya mita 2 za mraba. Lakini zipeleke kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikusaidie: paneli nne upande huu na nne upande ule zinazungushia mita 2.4 kwa 2.4, karibu mita 6 za mraba. Seti ni ileile, nafasi imezidi mara tatu.

Chukua zenye kimo cha sentimita 90. Za 60 sungura mwenye afya anaziruka, wala hahitaji kukimbia kwanza. Tazama na upana wa matundu: kichwa cha sungura mdogo kikipita, mwili nao utafuata, au utakwama katikati, na hilo ni baya zaidi. Miisho ya uzio ifunge kwenye kitu kizito, maana atausukuma kwa pua mpaka upate mwanya. Ukutani weka ubao mwembamba usiopakwa rangi, la sivyo atautafuna ukuta wenyewe. Meno yake ya mbele hukua milimita 2 hivi kila wiki. Lazima atafune kitu.

Namba 2: Kizimba kikubwa cha mbwa

Kama nyumba ina watoto wadogo au paka, au huwezi kuziba nyaya za umeme, nunua cha kukunja chenye urefu wa sentimita 120. Hakitoshi kuwa makazi ya siku nzima. Kinafaa kuwa chumba cha kulala, mlango ukiwa wazi kuelekea kwenye uzio. Trei ya plastiki ya chini huteleza, kwa hiyo itandike.

Namba 3: Banda la mbao la ghorofa

Linapendeza macho, na ndilo linalonunuliwa kwa pupa. Ghorofa mbili ndogo hazifanyi sakafu moja kubwa. Sungura hakimbii kwenye ngazi. Ngazi zenyewe mara nyingi ni za mwinuko mkali, na sungura mzee mwenye viungo vinavyouma hatazipanda. Halafu mbao hunyonya mkojo, na harufu kali ya mkojo huwasha njia yake ya hewa, ambayo ni dhaifu tangu asili. Ukilipenda sana, hakikisha trei inatoka yote na inaoshwa.

Usinunue: kizimba chenye sakafu ya waya

Hapa sibembelezi mtu. Mgeuze sungura mguu utazame: hana ile ngozi nene ya chini aliyo nayo paka. Ni manyoya tu kati ya mfupa na sakafu. Juu ya waya manyoya hulika, ngozi ya kisigino ikawa nyekundu, halafu kidonda, na kidonda hicho kinaweza kufika kwenye mfupa. Sungura wa aina ya Rex, ambao manyoya yao ni mafupi, huumia upesi zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo, pesa utakayookoa kwenye paneli iweke kwenye sakafu. Vigae tupu humfanya ateleze na aogope kutembea. Zulia la nyuzi fupi ndilo bora. Lenye vitanzi hunasa kucha. Mikeka ya sponji ya kuunganisha iache kabisa: ataimega, na sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kipande kilichomezwa kinaweza kuziba utumbo.

Na kama kile kizimba kidogo umeshakinunua, usikitupe. Ng'oa mlango, kiweke ndani ya uzio, jaza nyasi kavu upande mmoja na trei ya choo pembeni yake, maana sungura hupenda kula huku akijisaidia. Wangu alikuwa akiingia humo mwenyewe mchana, anajilaza ubavu, miguu ameitupa nyuma. Alfajiri sikusikia tena chuma.