Vega Whyte Laydie ya 1917: mwaka wangu wa kwanza na banjo ya ngozi

Mke wangu anaiita "mke mwenza". Whyte Laydie maana yake bibi mweupe, na nimemtolea dola 2,900 mwaka uleule gari letu lilipokufa gia boksi, kwa hiyo sina la kujitetea.

Weupe ni wa mbao ya mepo (maple), ambayo haikupakwa rangi. Kampuni ya Fairbanks ya Boston ilianza kutengeneza banjo hizi mwaka 1901. Kiwanda kikaungua mwaka 1904, Vega wa mji huohuo wakainunua kampuni. Yangu ina muhuri wenye majina yote mawili kwenye kile kijiti kinachotoka shingoni na kukatiza ndani ya duara, yaani tumbo la banjo linalowambwa ngozi.

Kijiti hicho kikague kabla hujatoa hata senti. Miaka ya 1920 bendi za dansi zilitaka banjo za nyuzi nne, ndiyo maana za nyuzi tano ni adimu. Mafundi wa baadaye walichukua maduara ya zile za nyuzi nne wakayatia shingo mpya. Si dhambi, mradi uambiwe na bei ishuke. Duka la kwanza nililoingia waliniapia kuwa kila kitu ni cha asili. Nikaomba kuchungulia kwa nyuma (haina mfuniko, hutumii hata bisibisi): ndani ya duara namba ya kiwanda ipo, kwenye kijiti hakuna kitu. Nikaaga. Hii niliyonunua namba zinalingana.

Sauti sasa. Chini ya ngozi kuna pete ya madini yenye matao madogo madogo, ikibeba pete nyingine nyembamba juu yake. Ndiyo inayoipa ule mlio mkali, safi, unaokatika upesi. Mimi napiga kwa kushusha ukucha, kisha dole gumba linanyofoa uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo. Wajola wa Senegali na Gambia hupiga akonting yao ya kibuyu hivyohivyo, nayo ina uzi mfupi wa dole gumba. Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, na ukiipiga namna hii huhitaji kusomewa historia. Ikizidi kupayuka, nachomeka kipande cha kanga kati ya kijiti na ngozi. Inanyamaza kidogo, kwa adabu.

Kilichonitesa ni ngozi. Ni ya ndama, na niliitaka hivyo mwenyewe. Julai hapa Massachusetts hewa ni nzito kama Tanga kabla ya masika. Ngozi ikalegea, kidaraja kinachobeba nyuzi juu yake kikazama, nyuzi zikagonga shingo. Mtoto wa Tanga anajua ngoma iliyolegea huoteshwa moto, lakini banjo ya miaka mia na zaidi utaiotesha wapi? Nikakaza kulabu zinazoivuta ngozi ukingoni, kila moja robo mzunguko, nikizunguka duara. Ikapendeza. Kosa langu ni kwamba baridi ilipokaribia na hewa kukauka sikuzilegeza. Januari, hita inawaka usiku kucha, nikasikia mlio kama bunduki ya mtoto. Ngozi imechanika ukingo hadi ukingo.

Fundi alitaka dola 180. Nikanunua ngozi tu, nikailoweka, nikaiwamba mwenyewe mezani jikoni. Jaribio la kwanza lilikaa upande. La pili ndilo lililopo.

Kasoro nyingine: kigingi cha kukazia uzi wa tano kinateleza, na shingo imepinda kidogo, nadhani kwa sababu kuna mtu aliwahi kuitia nyuzi za chuma. Zilitengenezwa kwa nyuzi za utumbo, na ndani ya shingo hakuna chuma cha kuishikilia. Mimi natumia nailoni.

Kama unataka kuitoa kwenye kasha na kupiga papo hapo, nunua mpya yenye uso wa plastiki. Hii yangu siiuzi. Oktoba hii nimeshazilegeza kulabu, na bakuli la maji liko chini ya hita. Mke mwenza, anasema mwenyewe, siku hizi anapikiwa.