Uzoefu wangu: mwaka mmoja na nusu wa kujifunza piano kwa mwalimu anayepiga na waimbaji

Nilikuwa nimejifunza piano miaka sita kabla ya kufika kwa mwalimu huyu, na vidole vyangu vilikuwa vizuri tu. Shida ilikuwa moja: kila nilipoombwa nimpigie mtu aimbe, tulipotezana. Mimi nimeshafika mwisho wa mstari, mwenzangu bado anavuta pumzi. Siku zote niliona kosa ni lake.

Mwalimu huyu hapigi sana peke yake jukwaani. Riziki yake ni kupiga na wenzake: waimbaji, wapiga fidla, watu wa klarineti. Anafanya nao mazoezi, anakwenda nao kwenye usaili, anapanda nao jukwaani, na saa zinazobaki ndizo anazofundisha. Zamani watu wa kazi hii waliitwa wasindikizaji, na wengi wanawaita hivyo mpaka leo. Yeye halipendi jina hilo, na sababu aliyonipa imenikaa kichwani. Msindikizaji hutoka na mgeni mpaka njia panda, halafu hugeuka akarudi kwake. "Mimi sigeuki," aliniambia, "nakwenda naye mpaka anakofika." Kisha akanionyesha nakala ya sonata (utungo wa ala, usioimbwa) ya Beethoven iliyochapishwa mwaka 1805, ile ambayo kila mtu huiita sonata ya fidla. Kwenye jalada piano imetajwa kwanza, fidla inafuata.

Somo la kwanza sikugusa kitufe hata kimoja kwa nusu saa nzima. Alinipa wimbo mfupi, akaniambia nisome maneno yake kwa sauti, kama ninayemsomea mtu barua. Baada ya hapo nikaambiwa niuimbe. Sauti yangu si ya kuimba, lakini hilo hakulijali. Alisimama nyuma yangu na penseli, na kila nilipovuta pumzi akatia alama ndogo juu ya mstari. Tulipomaliza, alama zilikuwa tisa. Ndipo akasema: haya, sasa piga, mimi niimbe. Nikapiga. Alipofika kwenye alama ya tatu akavuta pumzi, nami nikapita moja kwa moja. Akanyamaza, akaniacha niendelee peke yangu mistari miwili mizima, halafu akasema kwa upole, "Umeniacha njiani."

Tulirudia mahali hapo pengine mara kumi na tano. Alichotaka si nisimame nimsubiri, maana ukisimama wimbo unakatika. Alitaka nami nivute pumzi pamoja naye, mabega yalegee, mkono unyanyuke wakati mmoja na kifua chake. Mara ya kumi na tano ilipokubali, niliisikia mwilini kabla ya masikioni.

Jambo jingine ambalo walimu wangu wa awali hawakuwahi kuligusa ni silabi. Mwimbaji akiimba neno linaloanza na "sh", ile "sh" hutoka kabla ya pigo, na irabu ndiyo inayotua juu ya pigo lenyewe. Kwa hiyo mpiga piano anayebonyeza kitufe anaposikia "sh" amewahi, ingawa anaamini amefika kwa wakati. Alinifanya nipige noti moja tu, yeye akisema "sha, sha, sha", mpaka kidole changu kikajifunza kuisubiri "a". Zoezi la dakika tano, lakini lilinifunza mengi kuliko kurasa kibao za skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio.

Wimbo tuliokaa nao muda mrefu zaidi ni An die Musik ("Kwa Muziki") wa mtunzi Schubert, wa mwaka 1817. Kwenye karatasi unaonekana mwepesi: mkono wa kulia unarudia kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa upole, mkono wa kushoto unatembea chini. Nilidhani wiki mbili zitatosha, ukanichukua miezi minne. Mkono wa kushoto una wimbo wake wenyewe, unaomjibu mwimbaji kama mtu wa pili kwenye mazungumzo, na zile kodi za kulia zikizidi nguvu kidogo tu zinawafunika wote wawili. Hapo ndipo aliponieleza habari za Gerald Moore, Mwingereza aliyepiga na waimbaji wakubwa wa karne ya 20. Alipoaga jukwaa London mwaka 1967, alimaliza usiku ule kwa kuupiga wimbo huohuo peke yake, bila mwimbaji. Mwalimu alinitaka nami niupige hivyo, nikisikia kichwani sauti isiyokuwepo. Piano ina udhaifu wake: nyundo ikishagonga uzi, sauti inaanza kufa papo hapo, na hakuna namna ya kuiongeza. Noti inayofuata lazima uianzie pale ile ya kwanza ilipofifia, la sivyo wimbo unakuwa vipande vipande. Siku hizi nasikiliza mkia wa kila noti, hata nikipiga peke yangu.

Sasa yale ambayo hayakuniridhisha. Ratiba yake inayumba. Msimu wa maonyesho na mitihani ya waimbaji ukifika, masomo yanaahirishwa, na kuna mwezi mmoja nilipata somo moja tu. Analifidia, sikudhulumiwa, lakini anayejiandaa kwa mtihani wa tarehe maalumu ataumia. Pia hatilii mkazo ufundi wa vidole mapema. Kidole changu cha nne cha mkono wa kushoto kilikuwa kizito tangu siku ya kwanza, na tulikishughulikia mwezi wa saba wa masomo. Ningefurahi kama angekigundua mapema.

Masomo ya mtandaoni tulijaribu alipokuwa safarini. Kwa kusoma maneno na kupanga vidole yanafaa. Kwa kupiga pamoja hayafai kabisa, kwa sababu sauti inachelewa kufika, na kila mmoja anabaki kumngoja mwenzake.

Anayeanza kabisa, asiyejua bado noti ziko wapi, nadhani atafute kwanza mwalimu wa misingi. Lakini kama unapiga kwenye kwaya, au una rafiki mpiga fidla mnayegombana naye kila mazoezi, mwalimu wa aina hii ndiye unayemhitaji. Wala usidhani ni wapiga piano walioshindwa kusimama peke yao. Ni fani inayosomewa: Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha shahada yake mwaka 1947, chini ya mpiga piano Gwendolyn Koldofsky.

Ukienda, mchukue na mtu anayeimba, hata kama ni wa kuimba bafuni. Wiki iliyopita nilimpeleka dada yangu, yule tuliyekuwa tukipotezana naye kila mara. Tulipofika mwisho wa mstari wa pili alivuta pumzi ndefu kuliko tulivyozoea, nami nikajikuta mkono uko juu, unamngoja. Mwalimu hakusema kitu. Alichukua penseli akaifuta ile alama.