Kijiwe cha kahawa Kariakoo, gazeti likisomwa kwa sauti

Mwaka 2001, serikali ilipotangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu si raia, nilikuwa kwenye benchi la kijiwe hiki. Mzee mmoja alitusomea habari ile, kisha akauliza: mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya anageukaje mgeni? Tulibishana mpaka adhana ya magharibi.

Leo makala zake tunazisoma kwenye simu. Wapo wanaosema analaumu mno watawala. Mimi nampendea hapohapo, na nampenda zaidi anapotetea Kiswahili.

Kahawa ni chungu na ya moto, kashata za karanga ni freshi. Tangawizi huzidi kidogo. Nendeni baada ya alasiri, wasomaji wenyewe wakiwapo.